Makayabu katikati ya Grand-Place

Nilikwenda kuuona uwanja unaosifiwa kuliko vyote Ubelgiji nikiwa nimebeba samaki. Makayabu, kilo mbili, wale samaki wa chumvi ambao Mkongo akiwakosa wiki mbili anaanza kuumwa. Walikuwa wamefungwa kwenye gazeti, gazeti likawekwa kwenye mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine, na bado walijitangaza. Chini yao kulikuwa na sombe (kisamvu) ya friza iliyokuwa inayeyuka polepole na kunidondokea kiatuni.

Hatukuwa tumepanga hivyo. Mwenyeji wangu ni mama wa Bukavu aliyehamia Brussels mimi nikiwa bado darasa la tatu. Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya kwenda sokoni, na soko lake ni Matonge, mtaa wa wilaya ya Ixelles uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Huko unapata pilipili mbuzi, vitenge, mawigi, kadi za simu na kelele za Kilingala. Kiswahili nacho kipo ukitega sikio, cha Goma, cha Bukavu, cha Lubumbashi. Nilikuwa na siku nne mjini na sikuwa nimeona kitu zaidi ya ukumbi wa semina. Nikamwomba: "Mama, hata nusu saa tu. Nipite Grand-Place, nisije nikaulizwa nyumbani nikakosa la kusema."

Akanitazama, akautazama mfuko. "Weye uko Mutanzania, unapendaka maneno mingi. Twende, lakini samaki utabeba weye."

Basi tukashuka kwa miguu. Nasema kushuka kwa sababu Brussels ina mji wa juu na mji wa chini. Juu walikaa wafalme na makabaila. Chini, penye kinamasi, walikaa wafanyabiashara. Jina lenyewe la mji linatokana na maneno ya kale yenye maana ya makao ya bondeni penye maji. Ukitoka Matonge unaanza na kiwanja kidogo pembeni ya Porte de Namur ambacho tangu tarehe 30 Juni 2018 kinaitwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Kibao tu na nafasi finyu ya watu kusimama. Hatua chache mbele, Place du Trône, yuko Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo mali yake binafsi, juu ya farasi wa shaba, mkubwa kama nyumba. Mama alipita bila kugeuza shingo, kama unavyompita mtu mliyekwisha kugombana na hamna tena cha kudaiana.

Tulipofika Mont des Arts, pale juu ya ngazi, ndipo nilipouona mnara wa Grand-Place. Bustani inateremka mbele yako, na nyuma ya mapaa unachomoza mnara wa jiwe uliotobolewa-tobolewa kama kazi ya sindano. Mimi nikatoa simu nipige picha. Mama akanigusa bega, akanionyesha jengo la pembeni ambalo hakuna mtalii aliyekuwa akilipiga picha.

"Hapa ndiyo walikaa."

Waliokaa ni wajumbe wa Mkutano wa Meza ya Duara, viongozi wa Kongo na Wabelgiji, Januari na Februari 1960. Lumumba alitolewa jela ili aje kuhudhuria. Humo ndani ndimo tarehe 30 Juni ilimokubaliwa kuwa siku ya uhuru wa Kongo. Mama alikuwa hajazaliwa, lakini alilionyesha jengo kwa kidole kilichonyooka, kama mtu anayeonyesha nyumba ya baba yake.

Chini ya kilima, kabla hujaingia uwanjani, yupo mzee wa shaba ameketi ukingoni mwa bwawa la maji huku mbwa wake akimrukia. Watoto humpanda mapajani. Ni Charles Buls, aliyekuwa meya kuanzia 1881 hadi 1899. Mkumbuke, tutarudi kwake.

Sasa uwanja. Vichochoro saba vinaingia humo, vyote vyembamba, na hapo ndipo ujanja ulipo: hakuna barabara pana inayokuandaa. Unapita kati ya maduka ya chokoleti, unakwepa kigari cha mtoto, unamwomba radhi mtu uliyemkanyaga, halafu ghafla ukuta wa kulia unaisha na wa kushoto unaisha. Umesimama sakafuni mwa sanduku kubwa lililonakshiwa pande zote nne. Urefu ni kama mita 110 na upana 68. Kwa wapenda soka, ni uwanja mmoja wa mpira na chenji kidogo. Jua la saa kumi lilikuwa linapiga upande mmoja, na dhahabu iliyopakwa kwenye nakshi ikawa inarudisha mwanga hadi chini kwenye mawe.

Nikafanya alichofundishwa kila mtoto aliyesoma historia ya Ulaya: nikaanza kutafuta ikulu. Panapometa hivi lazima pana mfalme. Nikalichagua jengo moja jeusi-jeusi lenye matao na vibaraza, linalotazamana na mnara. Kumbe hata jina lilikuwa upande wangu, Maison du Roi, Nyumba ya Mfalme.

"Mfalme gani alilala humu?" nikauliza.

Mama akacheka. "Soma hapo chini, kwa Kiflamandi."

Broodhuis, kwa Kiholanzi cha hapa. Nyumba ya Mikate.

Hakuna mfalme aliyewahi kulifanya makazi. Katika karne ya 13 hapo palikuwa na banda la waoka mikate. Baadaye watawala wakalijengea ofisi zao, jina la Kifaransa likapanda cheo, la Kiholanzi likabaki na mikate. Na lenyewe unaloliona si la kale kama linavyojifanya. Lilijengwa upya mwishoni mwa karne ya 19 kwa mtindo wa kuigiza ukale. Leo ni makumbusho ya jiji.

Kuanzia hapo nikaacha kutafuta ikulu, nikaanza kusoma vibao. Wanaosema Kifaransa wameuita uwanja kwa ukubwa wake, Grand-Place. Wanaosema Kiholanzi wameuita kwa kazi yake, Grote Markt, Soko Kuu. Na vichochoro vinavyouzunguka vimekataa kabisa kusahau: Mtaa wa Siagi, Mtaa wa Nyama na Mkate, Mtaa wa Washona Kofia, Mtaa wa Heringi, na kidogo nje yake Soko la Mboga, Soko la Jibini, Soko la Kuku. Mtu aliyekulia karibu na soko lolote la kwetu anaielewa ramani hii bila mwongozaji. Huku wauza dagaa, kule mitumba, pale kwenye kona fundi viatu. Tofauti ni kwamba huku soko limeondoka na majina yakabaki. Jibini, kwa mfano, usiitafute kwenye Soko la Jibini. Mtaa mzima sasa ni mikate ya pita na nyama ya kuchoma.

Jengo lenye mnara ni Jumba la Jiji. Upande wake wa kushoto ulianza kujengwa 1402. Jiwe la kwanza la upande wa kulia liliwekwa mwaka 1444 na mtoto wa mtawala, Charles, yule ambaye ukubwani aliitwa Jasiri. Alikuwa na umri wa miaka kumi tu, kwa hiyo nadhani kuna fundi aliyelishika jiwe kwa upande wa pili. Mnara ukamalizwa na Jan van Ruysbroeck mwaka 1455, mita 96, na kileleni yuko Malaika Mkuu Mikaeli akimkanyaga Shetani. Ukisimama katikati ukautazama vizuri utagundua kwamba hauko katikati ya jengo. Waongoza watalii watakwambia kwamba fundi mkuu alipoligundua kosa hilo alipanda juu akajirusha. Hadithi tamu, ila pande mbili zilijengwa miaka arobaini mbali mbali, na wa kulia ukatoka mfupi. Hakuna aliyejirusha. Ndivyo inavyokuwa nyumba ikijengwa kwa awamu, na kwetu zipo tele.

Lakini mimi kilichonisimamisha ni tarehe zilizochongwa juu ya nyumba nyingine. 1697. 1698. 1697 tena. Uwanja unaoonekana wa zama za kale, na mapaa yake yote yana umri unaolingana kama wanafunzi wa darasa moja. Kuna kitu kilitokea.

Kilichotokea ni Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1695 majeshi yaliyoungana dhidi yake yalikuwa yameizingira Namur, mji uliokuwa mikononi mwa Wafaransa. Ili kuwavuta maadui waiachie Namur, jemadari wake Villeroy akaenda kuipiga Brussels, mji uliokuwa hauna ulinzi wa maana. Kuanzia jioni ya tarehe 13 Agosti hadi tarehe 15, mizinga ilimimina mabomu ya moto kutoka vilimani. Nyumba takriban 4,000 ziliteketea, theluthi moja ya mji. Wapiga mizinga walihitaji alama ya kulenga, na alama nzuri kuliko zote ilikuwa mnara wa Jumba la Jiji. Ndani ya jumba kukaungua, nyaraka za jiji zikaungua, kila kilichouzunguka kikaungua. Mnara uliolengwa ukabaki umesimama. Na Namur? Ikatekwa vilevile mwezi uliofuata. Mji wote ule ulichomwa bure.

Waliojenga upya ni wafanyabiashara. Hapa ndipo uwanja huu unaponipendeza kuliko viwanja vyote vya Ulaya vyenye sanamu ya mfalme katikati, maana huu hauna. Gavana wa wakati huo, Maximilian Emanuel wa Bavaria, alikuwa na mawazo yake makubwa ya kupanga upya kila kitu. Wenye nyumba walitaka kufungua biashara. Baraza la jiji likatoa amri mwaka 1697 kwamba kila anayejenga uwanjani alete kwanza mchoro wa uso wa nyumba yake uidhinishwe, na zaidi ya hapo vyama vya mafundi na wachuuzi vikaachiwa vishindane kwa fedha zao. Na vilishindana. Chama cha mabaharia wa mitoni kilijenga nyumba ambayo kilele chake ni tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya merikebu, kana kwamba meli imepanda ghorofani ikakwama. Wapiga pinde, ambao nyumba yao ilikwisha kuungua hata kabla ya Wafaransa, waliweka juu kabisa ndege feniksi anayetoka motoni. Wauza shahamu, yale mafuta ya mnyama ya kutengenezea mishumaa, wana nyumba inayoitwa Toroli. Shahamu! Mimi ningeona haya kusema babu yangu aliuza shahamu, wao wameipaka dhahabu.

Waoka mikate ndio waliojikweza kuliko wote. Nyumba yao iko pembeni, pana, ina kuba, inaitwa Mfalme wa Hispania kwa sababu nchi hii wakati huo ilikuwa chini ya Hispania. Katikati ya ukuta kuna kichwa cha mfalme Charles wa Pili, na chini yake, pande mbili, wamechongwa mateka wawili: mmoja Mhindi Mwekundu wa Amerika, mwingine Mwafrika. Ni wadogo, wako juu, na kuwaona kunahitaji kukaza macho. Nilisimama hapo na samaki wangu nikiwa nimeinua kichwa mpaka shingo ikauma. Mama akaniuliza natazama nini, nikamwonyesha. Akaangalia, akanyamaza kidogo, akasema, "Hata kwa mukate walituweka." Kisha akaniambia nihamishie mfuko mkono wa pili, unamdondokea mtoto wa watu.

Hapo chini ya nyumba ya waoka mikate siku hizi ni baa. Hatukuketi huko. Tuliketi kwingine, nisikokutaja, tukaagiza kahawa mbili. Bei ya kahawa hizo ndiyo iliyonifundisha kwamba soko halijahama kabisa. Mhudumu alivuta pumzi, akatazama chini ya meza, akavuta tena. Tulikunywa haraka.

Kuna jambo jingine lililotokea uwanjani hapa ambalo nililijua nikiwa mtu mzima tu, nami nina kinyongo nalo kidogo. Nimelelewa Kilutheri, Bukoba. Darasa la kipaimara tulifundishwa Wittenberg, mlango na nyundo ya Luther, tukafundishwa Worms alikohojiwa. Brussels haikutajwa. Na kumbe mashahidi wa kwanza wa Kilutheri walichomwa moto hapa: watawa wawili wa Kiaugustino kutoka Antwerp, Hendrik Voes na Jan van Essen, tarehe 1 Julai 1523, kwa kukataa kukana mafundisho ya Luther. Habari zilipomfikia, Luther aliwatungia wimbo. Miaka 45 baadaye, tarehe 5 Juni 1568, ikawa zamu ya makabaila wawili Wakatoliki, Egmont na Horn, waliokatwa vichwa kwa amri ya Mtawala wa Alba aliyetumwa na Hispania. Usiku wao wa mwisho waliupitisha ndani ya Nyumba ya Mikate. Nilitafuta mahali pa kusimama nikae kimya dakika moja. Kila nilipopapata palikuwa na mtu anajipiga picha, mpaka mwishowe nikakaa kimya huku natembea.

Nyumba iitwayo Bata Maji, iliyokuja kuwa ya wachinja nyama, kwa miaka mingi imejulikana kwa mgahawa wa wenye nazo. Karl Marx aliishi mjini hapa kati ya 1845 na 1848 kabla hajafukuzwa, na vikao vya wafanyakazi wa Kijerumani vilikuwa humo. Mwaka 1885 chama cha wafanyakazi cha Ubelgiji nacho kikaanzishwa humo humo. Victor Hugo naye aliishi ng'ambo ya pili, nyumba iitwayo Njiwa, mwaka 1852, akimkimbia Napoleon wa Tatu. Jirani na Bata Maji ni nyumba ya watengeneza bia, na hao bado wamo. Mpaka leo ni nyumba ya chama chao. Katika nchi hii bia ina msimamo.

Turudi kwa yule mzee wa mbwa. Karne ya 19 uwanja ulikuwa umechakaa, wanamapinduzi wa Kifaransa walikwisha kuzing'oa sanamu nyingi, wenye nyumba wanapaka rangi watakavyo. Buls ndiye meya aliyesimamia utengenezaji mkubwa, sanamu zikarudishwa na dhahabu ikarudishwa. Ana ubao wake wa shukrani ukutani kwenye kichochoro cha pembeni ya Jumba la Jiji. Na mtu huyo huyo, mwaka 1898, alisafiri hadi Kongo kwenye ufunguzi wa reli ya Matadi hadi Léopoldville (Kinshasa ya leo), reli iliyojengwa kwa miaka minane na kuzika watu wengi njiani. Aliporudi aliandika kitabu cha safari yake. Sina la kuongeza, ila sikuweza kumtazama yule mbwa wake kwa upole niliomtazama nao mara ya kwanza.

Baada ya hapo yote yanakwenda haraka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 70 magari yaliegeshwa humu, katikati ya dhahabu hiyo. Mwaka 1998 UNESCO ikauingiza uwanja kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kila miaka miwili, katikati ya Agosti, katikati ya mawe hayo panatandikwa zulia la maua. Lilitandikwa mara ya kwanza 1971, na mwaka 2012 nakshi zake zilikuwa za Afrika. Ukija mwaka wa shufwa, panga safari yako wakati huo. Ukija mwaka mwingine, njoo usiku, taa zikiwashwa, watu wakilala chali kwenye mawe wakitazama juu. Yule mtoto wa shaba anayekojoa, Manneken Pis, yuko dakika chache kwa miguu. Ana sentimita hamsini na kitu. Nenda ukamwone ili usiendelee kumwazia makubwa.

Ubao wa Buls unapakana na sanamu ya mtu aliyelala, Everard t'Serclaes, shaba iliyong'aa kwa kupapaswa. Mwaka 1356 Waflandria waliuteka mji. Yeye usiku akaparamia ukuta, akaing'oa bendera yao, watu wakaamka. Mwaka 1388, akiwa mzee, watu wa bwana wa Gaasbeek wakamvizia wakamkata ulimi na mguu. Alipokufa, wana-Brussels walikwenda kuizingira ngome ya Gaasbeek na kuibomoa, na inasimuliwa kwamba walibeba kuku wengi mno wa kula njiani hata wakabatizwa jina la Wala Kuku. Mpaka leo wanatajwa hivyo, na hawachukii.

Ukimpapasa mkono unapata bahati. Foleni ilikuwa ya watu kama kumi. Mama, ambaye njia nzima alikuwa ananiharakisha, alipanga foleni. Zamu yake ilipofika alinipokonya mfuko, akaushika kwa kushoto, akampapasa mzee wa watu toka bega hadi kidole cha mguu, bila haraka, midomo ikicheza. Sikumuuliza aliomba nini. Kijana aliyekuwa nyuma yetu alinyoosha mkono, akasita, akainusa sanamu kwanza.

Tukakatisha uwanja kwenda kutafuta basi. Tulitokea kichochoro cha upande wa pili, karibu na Nyumba ya Mikate, chembamba kiasi kwamba tulitembea mmoja nyuma ya mwingine. Kushoto chokoleti, kulia vitambaa vya lesi. Mama akasimama akasoma kibao, Rue des Harengs.

"Mutaa ya Samaki," akasema. Akaangalia huku, akaangalia kule. "Sasa samaki iko wapi hapa?"

Kisha akautazama mfuko niliokuwa nimerudishiwa.